Mwalimu wa Machame katika Baraza la Kutunga Sheria

Mazungumzo yaliyotolewa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya washarika na wageni wa dayosisi, katika ziara ya maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika

 

Kamati ya maandalizi iliniagiza nizungumze juu ya mchango wa wabunge wa Kaskazini katika elimu na maendeleo ya uchumi. Mada hiyo ni pana kama mlima wenyewe, na saa moja niliyopewa haitoshi hata kutaja majina yao. Kwa hiyo nimeomba ruhusa, nami nimekubaliwa, nizungumzie mtu mmoja tu: marehemu Solomon Eliufoo, mwalimu wa Kilutheri kutoka Machame, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa kura za Jimbo la Kaskazini, na ambaye tangu mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Elimu. Nimemchagua kwa sababu kikao cha kesho kina ajenda ya mfuko wa elimu wa miaka mia, na sioni mtu katika historia yetu aliyekutana na swali la ajenda ile waziwazi kama yeye.

Wengine mtauliza, habari za Machame zinahusu nini Unguja? Naomba nianzie hapa hapa tulipokaa. Mwezi Januari mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, mtoto wa Kanisa la Kilutheri la Württemberg aliyekuwa akitumikia Chama cha Misheni cha Waanglikana, alishuka pwani ya mji huu. Alipokewa na Sayyid Said bin Sultan, mtawala Mwislamu wa Oman na Zanzibar. Sayyid Said alijua vema kwamba mgeni wake amekuja kueneza dini nyingine. Hata hivyo alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, wampokee na kumsaidia. Kwa barua hiyo Krapf alikwenda Mombasa, akafungua kituo Rabai, na mwenzake Johannes Rebmann akatoka Rabai mwaka 1848 hadi akauona mlima wetu na theluji yake. Aliyemwongoza njiani alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Wamisheni wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, karibu nusu karne baadaye. Lakini tukitaka kusema kweli, hodi ya kwanza ilipigwa mlango wa Unguja, na aliyeitika karibu alikuwa Mwislamu. Jambo hilo nitalirudia.

Sasa nije kwenye shule. Sisi watu wa mlimani tunapenda kusema kwamba misheni ndiyo iliyotuletea elimu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wamisheni walileta mwalimu, kitabu na darasa la mtaani chini ya mti au katika nyumba ya ibada. Kilichofanya shule ziongezeke hadi kila mtaa ukawa na yake kilikuwa kahawa. Mwaka 1925 wakulima wadogo wa kahawa waliunda chama chao wenyewe kulinda zao lao, na mwaka 1933 chama hicho kikafuatwa na KNCU, ushirika mkuu wenye vyama vya msingi chini yake. Mkulima mwenye kihamba chake cha migomba na mibuni alikuwa mwanachama. Alikuwa na neno katika mkutano. Sehemu ya fedha za kahawa ilikatwa kwa ajili ya mambo ya wote, na miongoni mwa mambo hayo shule ilitangulia. Ushirika na halmashauri ya Wachagga vilisaidia kujenga madarasa na kusomesha vijana, hata nje ya nchi. Wale waliofika Moshi wameliona jengo la KNCU. Lilijengwa na watu waliokuwa wakibeba magunia kichwani.

Solomon Eliufoo alitoka katika mazingira hayo. Alisoma katika shule za kanisa, akaenda Makerere, akafundisha, kisha akapata masomo zaidi Marekani na Uingereza. Aliporudi, siasa ilikuwa imepamba moto. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, ikakubali kwa shingo upande kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ulikuwa utaratibu wa ajabu. Mkulima wa Kibosho au Rombo aliyetimiza masharti ya kupiga kura ilimbidi aamue ni Mzungu gani na Mhindi gani atamsemea barazani. Katika Jimbo la Kaskazini TANU ilimsimamisha Eliufoo kwa nafasi ya Mwafrika, na iliunga mkono Bi Sophia Mustafa wa Arusha kwa nafasi ya Mwasia. Wote wawili walishinda. Bi Sophia, mama Mwislamu wa Kiasia, baadaye aliandika kitabu juu ya siku zile. Hivyo tangu siku ya kwanza mbunge wetu wa Kilutheri alikuwa na mwenziwe wa imani nyingine na rangi nyingine, na wapiga kura wale wale. Mwezi Julai 1959 Eliufoo akawa mmoja wa wajumbe watano waliochaguliwa ambao Gavana aliwaingiza katika serikali kama mawaziri, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Amir Jamal na Derek Bryceson.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Mwaka 1951 Wachagga walikuwa wamemchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na kwa miaka kadhaa jina lake lilivuma sana, kwa haki. Baadaye wengi, hasa vijana waliosoma na wanaushirika, walianza kuuliza kwa nini kiongozi wa watu awe na cheo kisichokuwa na kikomo. Mwaka 1960 ikapigwa kura ya maoni, wakaamua wawe na Rais wa kuchaguliwa. Aliyepewa nafasi hiyo ni Eliufoo. Sitaki kufukua makaburi ya ugomvi ule. Zipo familia humu ndani ambazo babu zao walikuwa pande mbili. Ninachotaka mkione ni kwamba mtu huyu alipanda kwa sauti ya watu waliozoea kuhesabiana mapato na matumizi katika mkutano wa chama cha msingi.

Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kujenga chama, Rashidi Kawawa akaunda serikali, na katika mabadiliko yale Eliufoo akakabidhiwa Wizara ya Elimu. Alikuta nini? Hesabu tunazo, kwa sababu Mwalimu Nyerere mwenyewe aliziandika katika Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima walikuwa 490,000, wengi wao wakisoma miaka minne tu. Waliokuwa sekondari walikuwa 11,832. Waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Wapendwa, mia moja sabini na sita! Wanakwaya wetu wa kwaya zote walioko hapa leo hawapungui sana hao. Na kutoka katika kundi hilo nchi ilitakiwa ipate madaktari, mahakimu, wahandisi na mabwana shamba.

Shule zenyewe zilikuwa zimegawanyika. Kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na ruzuku yake, na ruzuku hazikulingana hata kidogo. Juu ya mgawanyiko wa rangi ulikuwapo wa dini. Sehemu kubwa ya shule za Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni, na misheni zilikwenda zilikopenda au zilikopokewa. Kilimanjaro, Bukoba na baadhi ya Nyanda za Juu Kusini zilijaa shule. Pwani na Kusini, kwenye Waislamu wengi, zilikuwa chache. Mzazi Mwislamu wa Kilwa au Bagamoyo alipoambiwa ampeleke mwanawe shule ya misheni, aliogopa kwamba atarudi na jina jingine. Tusiwacheke wazazi hao. Walikuwapo watoto waliorudi na majina mengine, na sisi tulihesabu hayo kuwa mafanikio katika taarifa zetu.

Tangu Januari 1962 sheria mpya iliweka shule zote chini ya mfumo mmoja, na rangi ya mtoto ikaondolewa kuwa kigezo cha kumpokea. Eliufoo hakuitunga peke yake. Ilianza kabla yake, Oscar Kambona akiwa waziri. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuitimiza, na kutimiza sheria ni kugumu kuliko kuipitisha. Walimu wa serikali na walimu wa misheni wakaingizwa katika utumishi mmoja. Wazee wetu wa kanisa hawakulipokea jambo hilo kwa furaha wote. Mwalimu wa shule ya mtaa alikuwa pia ndiye anayeongoza kwaya na kusoma ibada mchungaji asipokuwapo. Sasa alikuwa mtumishi aliyeweza kuhamishwa na ofisi ya mbali. Waziri aliyesimamia hayo alikuwa mtoto wa kanisa hilo hilo. Nawaza mara nyingine aliketi benchi gani aliporudi likizo, na waliomsalimia mlangoni walimwambia nini.

Kisha ikaja amri ngumu zaidi. Fedha zilikuwa chache. Mpango wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 uliamua kwamba nguvu kubwa ielekezwe sekondari, ufundi na vyuo, ili nchi ipate wataalamu wake, na shule za msingi zisipanuliwe kwa kasi ambayo wananchi waliitaka. Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa Tanzania Bara. Ada za shule za msingi zilibaki hadi mwaka 1973. Mtazameni mtu wa Kilimanjaro akiambiwa hivyo. Yeye na jirani zake wamejenga darasa kwa mawe na jasho, wamepata mwalimu, watoto wanafika darasa la saba, halafu anaambiwa nafasi za sekondari ni za taifa zima. Mwaka 1967, kwa hesabu ya Mwalimu Nyerere, ni kama watoto 13 tu kati ya kila 100 wa shule za msingi ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale wengine 87 walirudi kihambani, na kihamba cha baba kilikuwa kimekwisha kugawanywa.

Hapa ndipo Zanzibar inapoingia tena. Katika mambo kumi na moja ya Muungano ya mwaka 1964 elimu haikuwamo, kwa hiyo Waziri Eliufoo hakuwa na amri juu ya shule za Unguja na Pemba. Hapa njia ilikuwa nyingine. Kabla ya Mapinduzi, mji huu nao ulikuwa na shule zake kwa jamii na dini, na mtoto wa shamba alikuwa na bahati ndogo mno kufika sekondari. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na hadi leo siku hiyo huadhimishwa visiwani kila mwaka. Mtoto wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Donge, akaingia darasani pamoja na mtoto wa Shangani. Tukiziweka serikali mbili kando kwa kando, mwaka ule ule mmoja, Bara ilianza kufuta ada kutoka juu na Zanzibar ikafuta zote kwa mara moja. Mimi niliyefundisha hapa Unguja nusu ya maisha yangu sithubutu kusema ipi ilikuwa sahihi zaidi. Bara ilipata wataalamu upesi, lakini mtoto wa maskini alilipa ada ya darasa la kwanza. Zanzibar ilifungua mlango mpana, kisha ikahangaika miaka mingi na uhaba wa walimu na madarasa ya zamu. Ninachosema ni kwamba watu wa serikali zote mbili walijiuliza swali moja: mtoto wa nani aanze?

Kuna tofauti moja ambayo wageni wetu huenda hawaijui, nayo inahusu uchumi. Kilimanjaro ilikuwa na kahawa, Unguja na Pemba zilikuwa na karafuu, na karafuu nyakati nyingine ilileta fedha nyingi kuliko kahawa. Mbona basi karafuu haikujenga shule ya kila kijiji mapema kama kahawa? Nionavyo mimi, jibu liko kwa mwenye mkoba. Mashamba mengi mazuri ya mikarafuu yalikuwa ya wenye ardhi wachache, na chama cha wakulima wa karafuu cha enzi za ukoloni kilisimamiwa na serikali. Baada ya Mapinduzi ardhi iligawiwa, lakini shirika la serikali, ZSTC, likawa mnunuzi pekee. Serikali ilijenga kwa fedha hizo, na nyumba za Michenzani mmeziona. Hata hivyo mchumaji wa karafuu hakuwahi kukaa mkutanoni akaamua kiasi gani kikatwe kwa ajili ya shule ya mwanawe. Nasi tusijisifu sana: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya Bara vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na viliporudishwa miaka ya 1980 mkulima alikuwa amekwisha kuzoea kutokuulizwa.

Nirudi kwa Eliufoo nimalize habari yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais akawarudisha makwao mamia kadhaa. Miezi mitano baadaye, Machi 1967, ikatoka Elimu ya Kujitegemea, Eliufoo akiwa bado waziri. Kwa wakati huo watoto wa shule za msingi walikuwa wamefika 825,000, wa sekondari 25,000, na kidato cha sita 830. Kwa miaka sita, na kwa nchi maskini, si kazi ndogo. Lakini naomba msimtazame kwa tarakimu hizo tu. Mbunge aliyetoka sehemu iliyokuwa na shule nyingi kuliko karibu zote alisimamia mpango ambao, ukifuatwa kwa haki, ungewanufaisha zaidi watoto wa sehemu nyingine. Katika miaka ya 1970, yeye akiwa hayupo wizarani, nafasi za kidato cha kwanza zikaanza kugawiwa kwa mikoa, na huko nyumbani malalamiko yalikuwa makali. Mtoto wa Hai mwenye alama nzuri aliachwa, wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akachukuliwa. Nililalamika na mimi, maana mdogo wangu alikuwa mmoja wa walioachwa. Mama alilia kwa wiki nzima.

Shule za misheni zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969. Miaka ya 1980 ilipofika, watu wa Kilimanjaro walifanya walichozoea: makanisa na wazazi wakajenga sekondari zao kwa wingi, na dayosisi yetu ikarudi katika kazi ya shule. Ni jambo jema, nami nalishukuru. Ila shule hizo zina ada, na ada ni mlango wenye kufuli.

Basi nifike kwenye ajenda ya kesho. Rasimu ya mfuko wa elimu wa miaka mia, ambayo wajumbe mnayo mikononi, inasema katika kifungu cha kwanza kwamba fedha zitasaidia watoto wa washarika, wa kule mlimani na wa hapa Unguja. Nimesikia hoja za wanaoitetea, na si hoja dhaifu. Fedha ni za sadaka. Aliyetoa ana haki ya kuona mwanawe amefaidi. Wapo wajane wa usharika wetu ambao watoto wao wako nyumbani sasa hivi kwa kukosa sare na nauli, na mmoja wao yumo humu ukumbini. Tena wapo wanaoogopa kwamba tukimsaidia mtoto wa jirani Mwislamu hapa mjini, watu watasema tunamnunua. Hofu hiyo nimekwisha kuieleza ilikotoka, na sisi wenyewe tumechangia kuipanda.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, na wazee mtaniwia radhi. Kwanza, neno "washarika" katika kifungu kile liondolewe, liandikwe "watoto wa mtaa usharika ulipo". Pili, upande wa Unguja, anayechagua watoto wa kusaidiwa asiwe mchungaji wala mzee wa kanisa peke yake, bali ikae kamati yenye mwalimu mkuu wa shule ya serikali iliyo karibu na sheha wa shehia, ambao hakuna atakayewashuku kwamba wanabatiza mtu. Wapo wajumbe watakaouliza wajane wetu watapata nini. Watapata wa kwanza, kwa sababu wao nao wanaishi mtaani, na kwa sababu kamati itaanza na aliye na haja kubwa zaidi.

Baba Mkuu wa Jimbo, nimekula dakika kumi za kwaya. Wageni watakaopenda kutembea jioni, tukutane penye ngazi za ukumbi saa kumi na nusu. Tutapita Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, kisha tutashuka Forodhani kabla ya magharibi. Nakurudishia kipaza sauti.